Whitworth: fundi aliyepima bunduki mbele ya kulaumu askari

Mekanisien wengi wa Katanga wanajua jina la Whitworth. Wanalijua juu ya bulo. Ukivunja bulo ya masini ya zamani ya Kiingereza na ukitafuta ingine ya kuweka mahali pake, ile ya milimetri haiingii. Muuzaji anakuambia: hii ni pasi ya Whitworth. Na fundi wa maji, hata kama hajasikia hilo jina, anafunga robine kwenye tuyo ya chuma kwa nyuzi zenye pembe ya digri 55, kipimo ambacho Whitworth alitangaza mwaka wa 1841. Lakini ukiuliza watu Whitworth alikuwa nani, wengi wanafikiri ni jina la kampuni.

Alikuwa mtu, na leo tunaleta maisha yake hapa juu ya kazi moja ambayo inatugusa sisi watumikaji wa mgodi. Serikali ya inchi yake ilimwita juu ya bunduki isiyopiga sawasawa, na yeye, mbele ya kutengeneza kitu chochote, aliomba ruhusa ya kupima. Tunajua neno bunduki ni chungu kwa Mkongomani. Wandugu wetu wa mashariki wanakimbia vijiji vyao juu ya bunduki. Hatuandiki kwa kusifu silaha, na msomaji ataona hapa chini kwamba hata ile ya Whitworth ilifika katika mikono mibaya. Tunaandika juu ya ginsi ya kutafuta kosa pale lilipo.

Mtoto aliyependa masini

Joseph Whitworth alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803, katika mji wa Stockport, karibu na Manchester. Baba yake alikuwa mwalimu, kisha akawa mhubiri. Mama alikufa Joseph akiwa angali mtoto. Alipofika miaka 14 alitumwa kwa jamaa yake mmoja mwenye kiwanda cha kusokota pamba kule Derbyshire. Jamaa walitumaini kwamba siku moja atakuwa mkubwa wa ile biashara. Lakini kijana hakupenda hesabu za pamba, alipenda paka masini zenyewe. Alizifungua, alizifunga, alijifunza kila moja ginsi inatembea. Baada ya miaka michache aliacha ule urithi, akaenda Manchester kutumika kama mekanisien wa kawaida, kwa mshahara wa kawaida.

Mwaka wa 1825 alikwenda London, akapata kazi katika atelie ya Henry Maudslay, fundi aliyesifiwa kuliko wote wakati ule. Baadaye alitumika pia kwa Joseph Clement, ambaye atelie yake ilikuwa inatengeneza vipande vya masini ya kupiga hesabu ya Charles Babbage. Katika zile atelie Whitworth aliona kwamba kazi nzuri inaanza na kitu kimoja: bamba la chuma lililo sawa kabisa. Kama meza unayopimia iko na tumbo ao iko na shimo, kila kitu utakachopima juu yake kitakuwa na uongo ndani.

Wakati ule mafundi walisawazisha mabamba kwa kuyasugua moja juu ya lingine na unga wa kukwaruza. Whitworth aliona kwamba ile njia inadanganya, kwa sababu ule unga unakusanyika fasi moja na kula chuma pale ambapo hakutakiwa kuliwa. Yeye alipaka rangi nyembamba juu ya bamba moja, akaligusisha na lingine, akaangalia rangi imebaki wapi, kisha akakwangua kwa mkono zile fasi zilizoinuka tu. Na hakutumia mabamba mawili, alitumia matatu. Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Mabamba mawili yanaweza kulingana vizuri wakati yote mawili ni mabaya: moja iko na tumbo, ingine iko na bonde, na zinakaa pamoja bila nafasi hata kidogo. Lakini ukileta la tatu, na kila moja ikalingana na zote mbili zingine, hapo hakuna pa kujificha. Mwaka wa 1840 alieleza mabamba yake mbele ya mkutano wa wanasayansi kule Glasgow.

Bulo moja kwa inchi nzima

Mwaka wa 1833 alirudi Manchester, akakodi chumba chenye nguvu ya masini ya mvuke, akaanza kutengeneza na kuuza masini za atelie: tur, raboti, masini za kutoboa. Ile wakati kila atelie ya Uingereza ilikuwa na visi zake yenyewe. Bulo ya Leeds haikuingia katika ekru ya London. Masini ikiharibika mbali na kwao, ilikufa juu ya bulo moja.

Whitworth hakukaa chini na kutunga kipimo kutoka kichwani mwake. Alikusanya visi za atelie nyingi, akazipima, akatafuta katikati yake. Pembe za zile nyuzi zilikuwa mbalimbali, na katikati yake ilikuwa karibu na digri 55. Ndiyo aliyopendekeza mwaka wa 1841. Watu wa reli waliichukua, kisha viwanda, na hata leo nyuzi za tuyo za maji katika inchi nyingi za dunia zinafuata ile pembe.

Kisha alitengeneza masini ya kupima ambayo ilionyesha tofauti ya sehemu moja ya milioni ya kipimo cha Kiingereza cha kidole gumba. Kwa hesabu yetu ni kama kuchukua milimetri moja na kuikata vipande 40,000 hivi. Hakuipimia kwa macho. Aliipimia kwa kugusa: kibati kidogo cha chuma kinashikwa kati ya ncha mbili, na ncha moja ikisogea kidogo kabisa, kinaanguka.

Kazi ya bunduki

Mwaka wa 1854 Uingereza iliingia katika vita ya Krimea juu ya Urusi. Askari wake walikuwa wanapewa bunduki mpya, Enfield ya mwaka wa 1853. Bomba za bunduki zilitengenezwa kwa mikono katika atelie nyingi ndogondogo, zaidi kule Birmingham, na serikali iliona kazi inakawia. Ilimwita Whitworth ili atengeneze masini za kufanya ile bunduki mbio na kwa wingi.

Mtu mwingine angechukua ile komande na feza yake. Masini za wakati ule zingeweza kutoa bunduki maelfu na maelfu. Lakini ilijulikana tayari kwamba bunduki hazilingani: moja inapiga vizuri, ya pili inatupa risasi kushoto, ya tatu inatupa juu, na zote zimetoka katika mtindo mmoja. Whitworth alijibu kwamba hawezi kutengeneza masini za kuzidisha kitu ambacho hakuna mtu anayejua juu ya nini kinakosa. Aliomba serikali ilipe kwanza kazi ya kutafuta sababu.

Serikali ilikubali. Karibu na nyumba yake, katika mtaa wa Rusholme, ilijengwa nyumba ndefu ya kupigia bunduki, urefu wake karibu metri 457. Upepo mkali uliiangusha, ikajengwa tena, na mwezi wa tatu 1855 kazi ilianza.

Juu ya nini nyumba? Kwa sababu ya upepo. Mtu akipiga risasi inje na kukosa, utasema ni bunduki, ao utasema ni upepo? Hutajua. Ndani ya nyumba upepo umetoka katika hesabu. Kisha alitundika makaratasi membamba sana moja nyuma ya lingine kwenye njia ya risasi. Risasi ikipita inaacha tundu katika kila karatasi. Ukipima zile tundu moja kwa moja, unaona risasi ilipanda wapi, ilianza kushuka wapi. Na ukiangalia umbo la tundu unajua kama risasi inakwenda na ncha mbele ao inayumba kama mlevi. Tundu la duara ni risasi nzuri. Tundu refu ni risasi iliyolala upande.

Baadaye alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tunasema tena: kimoja kwa wakati mmoja. Leo upana wa bomba, kesho mzunguko wa mikato iliyo ndani, kesho kutwa urefu wa risasi. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na bunduki ikapona, hujui dawa ilikuwa gani.

Alipata nini? Kwanza, bomba zenyewe. Alipozipima, alikuta zina kasoro: upana wa ndani haukuwa sawa. Fasi moja imebana, fasi ingine imefunguka. Risasi inayopita katika bomba ya namna hiyo inatoka kila mara kwa njia yake.

Pili, mzunguko. Ndani ya bomba ya bunduki kuna mikato inayozunguka, nayo inafanya risasi izunguke hewani ili isianguke upande. Mikato ya Enfield ilizunguka mara moja katika karibu metri 2. Bomba yenyewe ilikuwa na urefu wa karibu metri 1. Basi risasi ilitoka imezunguka nusu tu. Whitworth alijaribu mizunguko mingi, na mwisho alichagua mzunguko mmoja katika santimetri 51 hivi. Kwa bomba ya urefu ule ule, ni karibu mizunguko miwili.

Tatu, upana. Bomba ya Enfield ilikuwa na upana wa milimetri 14 na nusu na kidogo. Whitworth alishuka mpaka milimetri 11 na nusu hivi. Uzito wa risasi aliuacha vilevile, gramu 34 hivi, lakini risasi nyembamba ya uzito ule inapashwa kuwa ndefu, na risasi ndefu inapasua hewa vizuri kuliko ile nene. Risasi ndefu, nayo, inadai mzunguko wa haraka. Hivyo yale mambo mawili yalishikana mikono. Mwisho, bomba yake haikuwa ya duara, ilikuwa na pande sita, na risasi ilifuata ule umbo, ili isiteleze.

Mwezi wa nne 1857 bunduki mbili zilishindanishwa kule Hythe. Kwa mbali ya metri 457, risasi za Enfield zilikwenda pembeni kwa wastani wa santimetri 68 hivi. Za Whitworth, santimetri 11. Kwa metri 731, Enfield ilikosa kwa metri 1 na santimetri 25, Whitworth kwa santimetri 30. Kwa mbali ya metri 1,280 Enfield haikuona shabaha kabisa, na Whitworth ilikuwa inaipata bado.

Walioikataa, na walioinunua

Mtu angefikiri kwamba siku ile serikali ilinunua bunduki yake. Hapana. Wakubwa wa jeshi walisema ile bomba ni nyembamba sana kwa vita, inachafuka haraka na baruti nyeusi ya wakati ule, na bei yake iko juu. Juu ya uchafu na bei hawakusema uongo. Juu ya upana, muda uliwasuta: bunduki ya Martini-Henry, ambayo jeshi lilichukua mwaka wa 1871, ilikuwa na upana karibu sawa na ule Whitworth aliouchagua miaka zaidi ya 10 mbele.

Heshima hazikukosekana. Tarehe 2 Julai 1860, kule Wimbledon, malkia Victoria alifungua mashindano ya kulenga kwa kupiga Whitworth iliyofungwa imara juu ya chuma, na risasi ikagonga karibu santimetri 3 tu kutoka katikati ya shabaha, kwa mbali ya metri 366. Mwaka wa 1869 alipewa cheo cha Sir.

Lakini lazima tuseme yote. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, kati ya 1861 na 1865, Whitworth kadhaa zilinunuliwa na jeshi la Kusini, lile lililopigana ili watu weusi wabaki watumwa. Walizipa walenga shabaha wao bora. Na ile Martini-Henry iliyokubali upana wake ilikuja Afrika pamoja na ukoloni. Wazulu waliionja mwaka wa 1879. Kipimo cha kweli hakiulizi kinatumikia nani. Anayeuliza ni mtu, na katika maisha ya Whitworth hatuoni alama kubwa ya lile swali.

Bosi na watumikaji wake

Wasomaji wetu wa sendika watauliza: alikuwa bosi wa namna gani? Tujibu bila kumpaka sukari. Mwezi wa kwanza 1852, mabosi wa ufundi wa mekaniki kule Manchester na London walifunga milango ya viwanda juu ya sendika mpya ya mafundi, iliyokataa kazi za saa za kuzidisha na malipo ya kipande. Baada ya miezi mitatu hivi njaa ilishinda, na watumikaji walilazimishwa kuweka saini kwamba wanaacha sendika. Ule ndio ulikuwa ulimwengu ambamo Whitworth alitajirika. Na yale mabamba ya ajabu yalikwanguliwa na mikono ya watumikaji ambao majina yao hayako kwenye bulo.

Kwa upande mwingine, mwaka wa 1868 alitoa paundi 3,000 kila mwaka kwa masomo ya vijana 30 wa ufundi, kila mmoja paundi 100. Alitaka mtu mwenye kitabu ashike pia lima, na mwenye lima ashike pia kitabu. Ile bursi ingaliko mpaka leo. Mwaka wa 1874 aligeuza kampuni yake kuwa ya aksio na kufungulia watumikaji njia ya kuwa na sehemu. Lakini sehemu kubwa kabisa ilibaki kwake na kwa wakubwa wa kazi. Tunaandika mazuri na mabaya katika ukurasa mmoja, maana maisha yake yalikuwa hivyo.

Katika miaka yake ya mwisho alishughulika na chuma cha mizinga. Mizinga ilikuwa inapasuka, na yeye alitafuta sababu kwa njia ileile: ndani ya chuma kilichomiminwa kulikuwa na mapovu ya hewa. Aliminya chuma kingali maji, kwa nguvu ya presi kubwa, mpaka mapovu yakatoka. Alikufa Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887, akiwa na miaka 83, bila mtoto. Mali yake nyingi ilikwenda kwa shule, hospitali na mambo ya watu wote katika eneo la Manchester.

Kitu cha kuchukua

Sasa turudi kwetu. Mgodini, masini ya kutoboa ikipindisha shimo, mtu wa kwanza kulaumiwa ni mwenye kuishika. Anaandikiwa barua, anakatwa siku. Ni mara ngapi kapita amepima kwanza reli ya masini, ncha ya kutobolea, nguvu ya hewa katika tuyo? Askari wa Enfield naye alilaumiwa kwamba hajui kulenga, na kumbe bomba yake ilikuwa mbaya tangu siku ilipotoka kiwandani. Whitworth hakusema askari hana kosa kamwe. Alisema tutajua baada ya kupima.

Na wandugu wachimbaji wa mikono wanajua habari ingine ya kipimo. Unaleta mifuko kwa mnunuzi. Mizani ni yake. Kamashini ka kusoma kiasi cha kobalti ni kake. Anasoma mwenyewe, anaandika mwenyewe, unalipwa alichoandika. Hayo ni mabamba mawili yaliyolingana, mnunuzi na mizani yake. Linakosekana la tatu.

Kwa hiyo, badala ya kusema tu tunaibiwa, tunapendekeza kila kamati ya watumikaji na kila koperative iulize maswali haya kwenye mkutano unaokuja. Mizani imekaguliwa siku gani, na nani, mbele ya nani? Jiwe la kujaribia, lenye uzito unaojulikana, liko wapi? Mfuko uleule ukipimwa kwa mnunuzi wa pili na wa tatu, namba zinatofautiana kwa kiasi gani? Yaandikwe katika daftari, na tarehe, wiki kwa wiki. Whitworth alijenga nyumba ya metri 457 kwa kutafuta ukweli wa risasi moja. Sisi tunaweza kuanza na daftari na jiwe la kilo kumi.